Njia-msingi ya intaneti: Namna ya kuiandika katika ruta na kuitangaza bila kupotosha mtandao

MKAZI wa Nyaramba, katika Kaunti ya Nyamira, anapofungua tovuti ya serikali ili alipe ada au aombe cheti, ombi lake huvuka vilima vya Gusii, hupitia mitambo ya miji mikubwa na kufika Nairobi. Likiwa linaelekea ng'ambo, hushuka hadi Mombasa na kuzama katika kebo za baharini. Safari hiyo yote huanza kwa uamuzi mmoja unaofanywa na kifaa kidogo kilichoangikwa ukutani ofisini, shuleni au katika duka la saiba.

Kifaa hicho ni ruta, yaani mtambo wa kupanga njia. Ruta ya Nyaramba haijui London iko wapi, wala haina haja ya kujua. Inachokijua barabara ni anwani za majirani zake wachache. Kwa kila anwani nyingine duniani ina agizo moja tu: ipelekwe kwa mtambo fulani ulio mbele, na huo ndio utakaojua la kufanya. Agizo hilo ndilo linaloitwa njia-msingi.

Fundi anaweza kujifunza kuandika agizo hilo kwa dakika tano. Jambo gumu, ambalo wengi hulipuuza, ni kujua wakati ambapo ruta haipaswi kuwatangazia wenzake kwamba inayo njia hiyo. Ruta inayotangaza njia isiyokuwepo huvuta mizigo ya wenzake wote na kuitupa shimoni, huku taa za mitambo zikiendelea kuwaka kijani. Madhara yake si madogo siku hizi. Tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, kituo cha afya kisicho na mtandao hupata taabu hata ya kuthibitisha usajili wa mgonjwa aliyesimama dirishani.

KARANI WA POSTA

Ili kuifahamu njia-msingi, msomaji na amfikirie karani wa kupanga barua katika posta ndogo ya mashambani. Mbele yake pana visanduku vichache vyenye majina: Nyamira, Kisii, Keroka, labda Kisumu. Barua ya Keroka huingia katika kisanduku cha Keroka. Barua ya Malindi, ya Kampala au ya Muscat haina kisanduku chake, nayo hutiwa katika gunia moja kubwa liendalo Nairobi. Karani hahitaji kuijua barabara ya Muscat. Anahitaji tu kuamini kwamba walio Nairobi wanaijua.

Ruta hufanya vivyo hivyo, ila visanduku vyake huitwa jedwali la njia, na majina yake ni tarakimu. Kila mstari wa jedwali una anwani ya mtandao pamoja na idadi ya biti ambazo sharti zilingane. Mstari wa 10.20.1.0/24 husema kwamba biti 24 za kwanza za anwani ziwe sawasawa na hizo, na biti 8 zilizobaki ziwe zozote. Njia-msingi huandikwa 0.0.0.0/0. Sifuri ile ya mwisho ndiyo yenye siri: hakuna biti hata moja inayolazimika kulingana, kwa hiyo kila anwani iliyopo ulimwenguni yafaa kuingia humo. Katika IPv6, toleo jipya la anwani za intaneti, gunia hilo huandikwa ::/0.

Je, kama kila anwani yafaa kuingia katika gunia la Nairobi, mbona barua ya Keroka haiingii humo? Sababu ni kwamba anwani inapolingana na mistari zaidi ya mmoja, ruta huchagua ule wenye biti nyingi zaidi. Njia-msingi ina biti sifuri. Hivyo hushindwa na kila njia nyingine, na kutumika pale tu ambapo hapana nyingine.

Ulimwengu uliiona nguvu ya kanuni hiyo tarehe 24 Februari 2008. Kampuni ya Pakistan Telecom, ikitekeleza amri ya kuifungia YouTube nchini humo, iliandika njia ya 208.65.153.0/24, nayo ikavuja hadi nje ya nchi. YouTube yenyewe ilikuwa ikitangaza 208.65.152.0/22. Biti 24 zikazishinda biti 22, na kwa muda wa takriban saa mbili watu wa mabara mbalimbali walioitafuta YouTube wakapelekwa Pakistan. Hakuna aliyevunja kufuli. Ruta zilitii tu kanuni zake.

KUIANDIKA

Mfano wa kubuni utasaidia. Chukua mtandao mmoja hapo Nyaramba unaounganisha shule yenye anwani 10.20.1.0/24, kituo cha afya chenye 10.20.2.0/24 na ofisi ya serikali yenye 10.20.3.0/24. Kila mahali pana ruta yake, lakini ruta ya ofisini pekee ndiyo yenye waya wa kutoka nje, kwa mtoa huduma ambaye mtambo wake una anwani 192.0.2.1. Katika ruta za Cisco, agizo huandikwa hivi:

ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 192.0.2.1

Sifuri nne za kwanza ni anwani. Nne za pili ndizo zinazoeleza kwamba hakuna biti inayolazimika kulingana. Tarakimu za mwisho ni mtambo unaofuata. Katika mitambo ya Huawei maneno ni ip route-static 0.0.0.0 0 192.0.2.1. Katika ile ya MikroTik, inayopendwa na watoa huduma wadogo kwa unafuu wa bei yake, hutosha kuandika /ip route add gateway=192.0.2.1, kwani mtambo wenyewe hujaza sifuri.

Fundi wa Cisco akitaka kuhakikisha, huandika show ip route. Jibu likiwa na maneno "Gateway of last resort is 192.0.2.1", lango la mwisho la kukimbilia limepatikana. Likisema "not set", kila pakiti isiyo na kisanduku inatupwa. Chini yake njia yenyewe huonekana ikiwa na herufi S na nyota: S ni ya njia iliyoandikwa kwa mkono, na nyota ni ya njia-msingi.

Hapa kuna mtego. Wapo mafundi ambao badala ya anwani ya mtambo unaofuata huandika jina la tundu la waya. Kwenye waya wenye mitambo miwili tu, mmoja kila ncha, hilo halina ubaya. Kwenye Ethernet, ambapo mitambo mingi yaweza kukaa pamoja, ruta hudhani kwamba dunia nzima iko upande wa pili wa waya huo, na kwa kila anwani mpya hupiga mbiu kuuliza ni nani mwenye nayo. Mtambo wa mtoa huduma ukikubali kujibu kwa niaba ya dunia, mambo huenda, lakini kumbukumbu ya ruta hujaa majibu. Usipokubali, hakuna kinachokwenda. Heri kuandika anwani.

Huenda mtu akauliza kwa nini ruta ndogo isipewe tu jedwali la dunia nzima. Jedwali hilo lina zaidi ya njia laki tisa za IPv4, nalo huongezeka kila mwaka. Tarehe 12 Agosti 2014, lilipopita njia 512,000, ruta nyingi za zamani ziliishiwa na nafasi na huduma zikayumba katika nchi kadhaa, na hizo zilikuwa ruta za makampuni makubwa. Ruta ya shule yenye mlango mmoja wa kutoka haifaidiki na njia laki tisa ambazo zote huishia mlango ule ule.

KUITANGAZA

Ruta za shule na za kituo cha afya nazo zinahitaji njia ya kutoka. Fundi anaweza kuziandikia kwa mkono, na mtandao ukiwa na ruta tatu, pengine hiyo ndiyo busara. Zikifika ishirini, kubadilisha mtoa huduma huwa ni kazi ya kupanda na kushuka vilima na kompyuta begani. Ndipo zinapohitajika itifaki za njia, yaani lugha ambazo ruta huzungumza zenyewe kwa zenyewe. Ya zamani miongoni mwa zinazojulikana sana ni RIP, iliyoandikiwa kanuni mwaka 1988. Inayotumika sana leo katika mitandao ya ndani ni OSPF, ambayo kanuni za toleo lake la pili ni za mwaka 1998. Baina ya kampuni na kampuni hutumika BGP.

OSPF haitangazi njia-msingi kwa hiari yake. Katika mitambo ya Cisco, hata fundi akiagiza kwamba njia zote zilizoandikwa kwa mkono zitangazwe, sifuri zile huachwa nje mpaka zitajwe waziwazi:

router ospf 1
default-information originate

Baada ya hapo, jedwali la ruta ya shule huonyesha mstari huu: O*E2 0.0.0.0/0 [110/1]. O ni OSPF, E2 ni njia iliyotoka nje ya mtandao, na 1 ni gharama yake. Tarakimu 110 yahitaji kuangaliwa vyema, kwa kuwa ndiyo kipimo cha uaminifu, na kadiri kinavyokuwa kidogo ndivyo njia inavyoaminiwa zaidi. Njia ya mkono ina 1, BGP ya kutoka nje ina 20, OSPF ina 110, RIP ina 120. Fundi aliyesahau njia-msingi ya zamani katika ruta ya kituo cha afya atashangaa kuona kituo hicho kikilipuuza tangazo jipya na kuendelea kutuma pakiti kwa mtoa huduma aliyekwisha kuondoka. Hakuna hitilafu yoyote hapo: 1 imeishinda 110. Dawa ni kufuta mstari wa kale kwa neno no.

Agizo lile la OSPF lina sharti lenye manufaa makubwa. Ruta ya ofisini hutangaza njia-msingi maadamu yenyewe inayo katika jedwali lake. Waya wa nje ukikatika na mstari ukafutika, tangazo nalo huondolewa, na ruta za jirani hujua mara moja kwamba hapo hapapitiki. Huawei wana neno default-route-advertise lenye sharti kama hilo, na MikroTik katika toleo la 7 huandika originate-default=if-installed.

Lakini mitambo yote hiyo huruhusu sharti hilo liondolewe kwa kuongeza neno moja, always. Fundi aliyechoka, ambaye tangazo lake linakataa kutoka saa kumi na moja jioni, huliongeza neno hilo, akaona jirani wamepata njia, akafunga kabati na kwenda zake. Ukweli ni kwamba tangazo lilikataa kutoka kwa sababu njia haikuwepo. Sasa ruta inaahidi kitu isichokuwa nacho, na siku waya utakapokatika, shule na kituo cha afya vitaendelea kuiletea pakiti hata kama kuna mlango mwingine ulio wazi. Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi; katika OSPF, mwongo mwenye gharama ya 1 huonekana kuwa na njia fupi kuliko mkweli mwenye gharama ya 10. Neno always lina kazi yake halali, kwa mfano katika ruta yenye jedwali zima la dunia, ambayo haina njia-msingi kwa kuwa haihitaji. Katika mtandao wa mji mdogo halina nafasi.

RADI YA GUSII

Hata sharti hilo peke yake halitoshi. Nyanda za juu za Gusii, zilizo karibu na Ziwa Victoria, hujulikana kwa wingi wa radi, na wenyeji wa Kisii na Nyamira wamewahi kupoteza watu na mifugo kwa ajili yake. Radi hiyo hiyo huzipiga antena zilizo vilimani. Ofisi inayopokea intaneti kwa redio kutoka kilima cha pili huwa na waya mfupi utokao kwenye ruta hadi kwenye kisanduku cha redio kilicho juu ya paa. Redio ya upande wa pili ikiungua, ile ya paani huendelea kupata umeme, waya mfupi huendelea kuwa mzima, na ruta huona tundu lake likiwa hai. Mstari wa njia-msingi haufutiki. Tangazo linaendelea kutolewa. Sharti limetimizwa kwa maandishi, na watu hawana intaneti.

Hali ni ile ile kwa wenye faiba. Mradi wa serikali wa uti wa mgongo wa faiba, NOFBI, ambao awamu yake ya pili ililenga kufikia makao makuu ya kaunti zote 47, ulisogeza kebo hadi katika miji ambayo zamani haikuwa nayo. Lakini jembe la tingatinga linalopanua barabara kilomita 30 kutoka hapo huikata kebo bila ya kifaa cha ofisini kujua, kwa sababu taa ya kifaa huonyesha waya wa chumbani, si waya wa barabarani.

Tiba ni kuifundisha ruta iulize badala ya kudhani. Ruta huagizwa kutuma mwito mdogo, tuseme kila baada ya sekunde 5, kwa anwani fulani iliyo mbali, ng'ambo ya mahali panapoharibika mara kwa mara. Majibu yakikoma, njia-msingi huondolewa. Katika Cisco huandikwa hivi, anwani ya kuulizwa ikiwa 203.0.113.10:

ip sla 1
icmp-echo 203.0.113.10
frequency 5
ip sla schedule 1 life forever start-time now
track 1 ip sla 1 reachability
delay down 15 up 60
ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 192.0.2.1 track 1
ip route 203.0.113.10 255.255.255.255 192.0.2.1
ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 198.51.100.1 250

Mstari wa mwisho ni njia ya akiba, pengine modemu ya simu ya mkononi. Tarakimu 250 huufanya usiaminiwe sana, hivyo hujificha nyuma ya njia ya kwanza na kujitokeza pale tu ile inapotoweka. Mstari wa delay humzuia fundi kulaumiwa kwa kila chafya ya redio: njia haiondolewi hadi sekunde 15 zipite bila jibu, wala hairudishwi mpaka iwe nzima kwa dakika moja.

Mstari unaosahauliwa mara nyingi ni ule wa pili kutoka mwisho. Unaamuru kwamba mwito wa majaribio upite daima kwa mtoa huduma wa kwanza. Bila mstari huo, mambo huwa ya kuchekesha. Njia ya kwanza hufa; ruta huhamia kwenye akiba; mwito wa majaribio hupitia akiba hiyo na kufaulu; ruta hudhani njia ya kwanza imepona, ikairudisha; mwito hushindwa tena. Mtandao huruka huku na huko usiku kucha, na asubuhi kila mtu husema intaneti inakuja na kwenda.

Njia zote mbili zikifa, jedwali hubaki bila sifuri, na OSPF huliondoa tangazo. Hapo shule, ikiwa imenunua laini yake yenyewe na kuitangaza kwa gharama kubwa zaidi, kwa mfano default-information originate metric 50, huweza kuwa mlango wa wote. Majirani wa namna hiyo wakubaliane mapema juu ya malipo, maana bando la shule likiisha tarehe 10 kwa kubeba mizigo ya ofisi, ugomvi wake hautatuliwi na ruta.

PAKITI ZINAZOZUNGUKA

Njia-msingi huzaa pia balaa la mzunguko. Mtoa huduma akimpa mteja fungu la anwani, tuseme 203.0.113.0/24, huandika katika mitambo yake kwamba anwani zote 256 ziko kwa mteja huyo. Mteja hutumia 40 tu. Pakiti ya mdukuzi anayepekua anwani ovyo hufika ikitafuta anwani isiyotumika. Ruta ya mteja haina kisanduku chake, kwa hiyo huitia gunia la njia-msingi, yaani huirudisha kwa mtoa huduma. Mtoa huduma huirudisha kwa mteja. Hurushiana hivyo mpaka kihesabu cha maisha ya pakiti kiishe, na kihesabu hicho chaweza kuanzia hadi 255. Pakiti moja ya nje huzaa safari mia mbili katika laini nyembamba ya mashambani.

Mstari mmoja huikomesha balaa hiyo: ip route 203.0.113.0 255.255.255.0 Null0. Null0 ni pipa la taka. Anwani 40 zinazotumika zina njia zenye biti nyingi zaidi, kwa hiyo hazidhuriki. Zilizobaki huzikwa hapo hapo.

Mashuleni kuna adui mwingine. Kompyuta huelezwa lango lake na huduma ya DHCP inayogawa anwani. Mwanafunzi au mwalimu akileta ruta ndogo ya Wi-Fi na kuchomeka waya katika tundu lisilostahili, kifaa hicho huanza kugawa anwani na kujitaja kuwa ndicho lango. Nusu ya darasa hupoteza intaneti na nusu nyingine inayo. Katika IPv6 ruta hujitangaza zenyewe moja kwa moja kwa kompyuta, kwa hiyo tangazo la uongo huenea upesi zaidi. Swichi nyingi za ofisi zina kinga ya mambo yote mawili, DHCP snooping na RA Guard, lakini mara nyingi hukaa bila kuwashwa.

NAIROBI YA MWAKA 2000

Historia ya Kenya yenyewe yatoa mfano wa nchi nzima iliyoishi kwa njia-msingi. Kuanzia mwaka 1998 mawasiliano ya intaneti ya kimataifa yalipitia Jambonet, lango la shirika la simu la taifa, na ukiritimba wa Telkom Kenya juu ya lango hilo uliendelea hadi 2004. Watoa huduma wa Nairobi hawakuwa na visanduku vya kupelekeana barua wao kwa wao. Barua pepe ya ofisi moja jijini kwenda kwa jirani wa ng'ambo ya barabara, aliyetumia kampuni nyingine, iliingia katika gunia la ng'ambo, ikapaa hadi setilaiti iliyo takriban kilomita 36,000 angani, ikashuka bara jingine, ikapaa tena na kurudi Nairobi. Kwenda na kurudi hakukupungua takriban sekunde moja, na kila biti ililipiwa kwa dola.

Novemba 2000, chama cha watoa huduma, TESPOK, kilifungua kituo cha kubadilishana intaneti, KIXP, ili makampuni yatangaziane njia zao mahususi papo hapo Nairobi. Telkom ililalamika kwamba haki yake imeingiliwa, na takriban wiki mbili baadaye Tume ya Mawasiliano ya wakati huo, CCK, ikakifunga. Baada ya mabishano marefu, kituo kilifunguliwa tena Februari 2002 kikiwa na leseni. Kwa upande wa ufundi, kilichofanyika ni kile kile cha karani wa posta: kuongeza visanduku, ili njia zenye biti nyingi ziishinde njia-msingi. Jambo hilo lawahusu hata watu wa Nyaramba. Shule na kituo cha afya vilivyo mita mia mbili kutoka kimoja hadi kingine, vikitumia kampuni mbili tofauti, kwa kawaida hutumiana faili kupitia Nairobi. Waya mmoja kati yao na mistari miwili ya OSPF huimaliza safari hiyo.

Kebo ya TEAMS ilitua Mombasa Juni 2009, Seacom ikaanza kazi mwezi uliofuata, na EASSy ikafuata 2010. Setilaiti ikawa ya akiba. Hata hivyo, Februari 2012 nanga ya meli iliikata TEAMS karibu na bandari ya Mombasa wakati ambapo EASSy nayo ilikuwa imekatika katika Bahari ya Shamu. Tarehe 12 Mei 2024, Seacom na EASSy zilikatika kwa pamoja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Kenya, Tanzania, Uganda na majirani wengine wakapata intaneti ya kusuasua. Kampuni iliyokuwa na nafasi katika kebo nyingine ilihamisha mizigo yake. Iliyotegemea hizo mbili tu iliwaacha wateja wake wakingoja.

Katika siku kama hizo, tangazo la njia-msingi hutoka juu kuja chini. Mtoa huduma anayemtangazia mteja kwa BGP kwa agizo la neighbor 198.51.100.2 default-originate huendelea kutangaza hata kama yeye mwenyewe amepoteza njia zote za ng'ambo, kwa sababu agizo hilo halina sharti la kwanza kuwa na njia-msingi. Mteja mwenye watoa huduma wawili hubaki ameng'ang'ania yule aliyekufa. Agizo hilo hilo hukubali kufungwa kwa masharti, kwamba litoke pale tu njia fulani ya ng'ambo inapoonekana, lakini sharti hilo haliwekwi mpaka mtu aliombe.

Ofisi, shule au hospitali inayotia sahihi mkataba inaweza kuomba sharti hilo liandikwe humo. Inaweza pia kufanya jaribio la Jumamosi asubuhi, lisilogharimu chochote: fundi azime kituo cha redio cha mbali au achomoe faiba ya mtoa huduma, si waya wa chumbani, kisha mtu aliyeketi mbele ya kompyuta ya kituo cha afya ahesabu sekunde. Akifika 90 na ukurasa haujafunguka kupitia njia ya akiba, mstari wa track au wa anwani ya majaribio haujaandikwa ipasavyo, ama mahali fulani katika ruta za jirani bado limeachwa neno always.